Alama Nilizozifuata Tabora

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo nanyoosha mgongo. Ni siku niliyosimama mbele ya mkaguzi wa shule nikamwambia asiziamini alama nilizozitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Nakusimulia kwa sababu umeniambia kuwa mwaka huu na wewe umepewa kazi ya kutunga mtihani.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mimi nilikuwa binti wa Tabora mjini, baba yangu fundi cherehani, na nyumba yetu haikuwa mbali na stesheni. Nilipomaliza ualimu nikapangiwa shule ya kijijini upande wa Ipole, katikati ya pori, kwa warina asali. Mwalimu mwanamke nilikuwa peke yangu, na nilijiona kweli. Viatu nilivipiga rangi kila asubuhi, na vumbi lile lote! Mwalimu mkuu wetu aliitwa Mwalimu Yohana, Mkristo wa kanisa la Moravian, mtu mzima, mpole, ambaye akikasirika sauti yake ilishuka badala ya kupanda.

Mwaka wangu wa pili ikaja barua ya mkaguzi. Kila shule itunge mtihani wa darasa la nne, iusahihishe, kisha ipeleke orodha Tabora. Watakaofaulu ndio watakaofikiriwa kwenda shule ya kati. Nyinyi wa siku hizi hamwezi kujua uzito wa barua ile. Mtoto akikosa shule ya kati, masomo yake yameishia hapo. Mwalimu Yohana alikuwa kitandani na homa wiki hiyo, akanikabidhi kazi yote.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikafungua madaftari yangu ya chuoni nikachagua maswali mazuri mazuri, yale yaliyonipendeza mimi. Hesabu ya kwanza ilisema treni inaondoka Tabora saa mbili asubuhi na kufika Igalula saa tatu na robo, je, imechukua dakika ngapi? Insha nikaipa jina "Sebule ya nyumbani kwetu". Na imla niliisoma kwa kasi ya kwetu mjini, maana sikutaka mtu aseme nimewabembeleza.

Kati ya watoto ishirini na saba, wakafaulu wawili. Nilimwaga wino mwekundu mpaka nikachoka. Kijana mmoja, Shija, kwenye hesabu ya treni aliandika: "Dakika sijui. Kwa miguu labda siku moja." Nikacheka, nikampiga mkasi, ile alama ya kukosa. Msichana mmoja, Kalunde, ukurasa wa insha ulikuwa mtupu, ila jina lake juu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Naye nikampiga mkasi. Chini ya orodha nikaandika maneno ambayo yananichoma hadi leo: "Watoto wa huku ni wazito." Nikaituma kwa lori la nta lililokuwa linakwenda Tabora.

Kesho yake Mwalimu Yohana akapata nafuu, akaja shuleni akijifunika shuka. Akaomba aone karatasi. Akazipitia moja moja, polepole, mimi nimesimama nangoja sifa.

"Hawa wawili waliofaulu," akasema, "ni watoto wa nani?"

"Wa bwana mganga wa zahanati, mwalimu."

"Walihamia hapa lini?"

"Mwaka jana, kutoka mjini."

Akaziweka karatasi mezani. Kisha akasema kwa ile sauti ya chini, "Basi, Mwalimu Zuhura, wewe umepima nani amewahi kupanda treni. Hilo umelipima vizuri sana."

Nilijitetea. Nikasema swali la dakika limo katika muhtasari wa masomo. Hakubishana nami. Aliniambia tu nimfuate, tukaenda mpaka nyumbani kwa Kalunde. Tulimkuta anakamua masega na mama yake, mikono inanata hadi viwikoni. Akatusalimu, "Shikamooni walimu," huku akipiga goti.

"Marahaba, binti. Baba yako mwaka huu ana mizinga mingapi?"

"Arobaini na minane, mwalimu. Ameigawa sawasawa kwenye mapori matatu, kwa hiyo kila pori kumi na sita. Lakini kule mtoni mitano haijaingiwa na nyuki. Ya kurina ni arobaini na mitatu." Alisema hivyo bila hata kuacha kukamua.

"Na insha kwa nini hukuandika?"

Akaniangalia kwanza mimi, akaona haya. "Sikujua sebule ni nini, mwalimu. Niliogopa kuuliza."

Mwanangu, niliyekuwa na haya zaidi pale ni mimi. Mwaka mzima nilimfundisha mtoto yule, na alikuwa ananiogopa kiasi cha kuacha ukurasa mzima mtupu badala ya kuninyooshea mkono.

Njiani Mwalimu Yohana akaniuliza kama orodha bado iko kwangu. Nilipomwambia imeshaondoka, akasimama. Hakunigombeza. Alisema, "Basi watoto ishirini na watano wamefungiwa mlango, na aliyeufunga ni wewe. Utafanyaje?"

Nilijua la kufanya, na nililiogopa. Mwalimu mpya, tena mwanamke, aende kwa Mwingereza kusema kazi yake mwenyewe ilikuwa mbovu? Niliona kabisa nikifukuzwa, na baba yangu, aliyekuwa akimtajia kila mteja wake kuwa bintiye ni mwalimu, akipita barabarani ameinamisha kichwa. Lakini kila nilipotafuta sababu ya kunyamaza, niliuona ule mwandiko mzuri juu ya ukurasa mtupu. Nikapanda lori lililofuata.

Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, mkavu, Kiswahili chake kizuri. Orodha yetu ilikuwa juu ya meza yake. Sikukaa.

"Bwana, nimekuja kwa ajili ya orodha hiyo. Makosa hayakuwa ya watoto. Mtihani ndio ulikuwa mbaya, na niliutunga mimi."

"Unataka nisiamini alama zako mwenyewe?"

"Ndiyo, bwana. Hizo usiziamini. Na maneno ya chini, nakuomba uyafute, au unipe kalamu niyafute mimi."

Akanitazama muda mrefu. Macho sikuyashusha. Mwishowe akasukuma kalamu upande wangu. "Wiki mbili," akasema. "Mtihani mwingine. Safari hii usisahihishe wewe, wasahihishe walimu wa shule jirani. Nitakuja kuuona mwenyewe."

Nilirudi Ipole nikiwa mtu mwingine. Wiki ya kwanza nilipita nyumba kwa nyumba, nikisikiliza watoto wanahesabu nini na wanasimulia nini. Tukatunga maswali upya, mimi na Mwalimu Yohana, kisha tukayajaribu kwanza kwa watoto wa shule jirani. Swali lililowakwamisha wote, hata wale hodari, tuliliangalia upya: je, ni gumu kwa haki, au limeandikwa vibaya? Mengine tuliyatupa. Juu ya karatasi tukaweka namba badala ya majina, ili msahihishaji asijue huyu ni mtoto wa mganga na huyu ni wa mrina asali.

Hawakufaulu wote, nisikudanganye. Walifaulu kumi na mmoja, Kalunde wa kwanza, na wale wa mganga nao wamo, maana walikuwa na akili kweli. Shija hakufaulu. Lakini safari hii karatasi yake ilituonyesha mahali hasa alipokwama: kutoa kwa kukopa. Tukamfundisha hilo hilo, na mwaka uliofuata akapita. Mkaguzi alipokuja alikaa siku nzima akisoma maswali yetu, kisha akaagiza shule zote za upande ule zifanye vile: maswali yajaribiwe kwanza, na karatasi zibadilishane shule. Kila mwisho wa mwaka walimu tulikutana Sikonge kusahihisha pamoja, na mimi, binti wa fundi cherehani, ndiye niliyekalishwa mbele kuwaonyesha wenzangu.

Kalunde alikwenda shule ya kati ya wasichana, akarudi mkunga. Kijana wangu wa mwisho alizaliwa mikononi mwake. Vyeti nimepata, mwanangu, lakini hakuna kinachonijaza kifua kama hilo.

Basi nisikilize. Unapotunga mtihani, unampima mtoto, na mtihani nao unakupima wewe. Darasa zima likianguka, anza kwa kujiuliza swali lako lilikuwaje na ulifundishaje, kabla hujaandika neno juu ya mtoto. Mpe mwenzako kazi yako aikague, wala usione umevuliwa nguo. Mtoto aliyeshindwa mwambie ameshindwa wapi, kisha mfundishe hapo hapo. Na siku ukigundua kuwa umekosea, ifuate karatasi yako popote ilipofika, hata kama iko mezani kwa mkubwa.

Mungu akupe jicho la kuona anachokijua mtoto, na ujasiri wa kusema "nimekosea" ukiwa umesimama wima. Watoto watakaopita mikononi mwako walitaje jina lako kwa wema, na uishi miaka mingi ya kuwasikia wakilitaja. Amina.