Mkeka wa Kriketi wa Baba Luka

Jirani yetu Nkwabi, Baba Luka, ni fundi baiskeli hapa Nyasubi. Kriketi aliijua ujanani, alipokuwa akiwatengenezea baiskeli wenye maduka wa Shinyanga mjini waliokuwa wakiicheza, na sasa kila Jumamosi anawafundisha wasichana kwenye uwanja wa kokoto. Mpira ukidunda hapo unaenda unakotaka wenyewe. Mwezi wa pili mpira ulimng'oa jino Violeth, mmoja wa wasichana wetu. Tangu hapo Baba Luka alitamani kitu kimoja tu, mkeka wa kutandika katikati ya uwanja ili mpira udunde sawa.

Mkeka ukaja kweli, ila mmoja, kwenye gari la ofisa wa kriketi aitwaye Akida. Timu zilikuwa mbili, yetu na ya Songwa.

"Nchi kumi na mbili kubwa ndizo zinabeba fungu nono la fedha za kriketi duniani," Akida alitueleza. "Sisi wadogo tunagawana makombo. Kwa hiyo siku mtakapocheza, mkeka utabaki penye watu wengi. Wafadhili wanapenda picha zenye watu."

"Sawa, mkubwa," alisema Baba Luka, kwa ule upole anaouzia tairi kuukuu.

Siku ya mechi yetu na Songwa alimleta mjomba wake, mcheza ngoma wa Bagalu, na chatu shingoni. Kwetu Usukumani Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma, hushindana hivyo: wanacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Soko zima likahamia upande wetu. Hata mimi, mtoto mgongoni, nilisahau kuangalia mpira.

Songwa wakapata mikimbio tisini na nane, sisi arobaini na mmoja. Watu wetu wakambeba Violeth juu juu.

"Lakini mmeshindwa," alisema Akida kutoka ndani ya gari, kioo kimebaki ufa wa kusemea tu.

"Mheshimiwa," alisema Baba Luka, "si ulisema mkeka ni wa penye watu? Nikajua hata huko kwa wakubwa mnacheza kama Bagalu."

Akida akatazama watu, akamtazama chatu, akaamuru mkeka ushushwe.

Mariana, nahodha wa Songwa, akaja kuaga. "Shikamoo, Baba Luka. Sisi tumeshinda, ninyi mmechukua."

"Marahaba, mwanangu. Hata mimi naona aibu kidogo. Njooni mcheze hapa siku yoyote."

"Tutakuja," alisema Mariana. "Baba yangu mdogo ni wa Bagika. Anafuga fisi wa kuchezea ngoma."