Tanuri la Baba

Daktari alimwambia baba yangu aachane na moshi, la sivyo moshi utamwondoa. Baba akaitikia, "Sawa daktari," akarudi nyumbani Makete, akaketi pale pale alipoketi miaka yote: kwenye kigoda chake jikoni, karibu na mafiga, kifua kikipiga filimbi. Ukimtoa jikoni anaganda. Makete ya mwezi wa saba si ya mchezo. Asubuhi umande umekuwa barafu majanini. Kwa hiyo moshi ungemuua na baridi nayo ingemuua, na mimi binti yake nilikuwa Guangzhou nikinunua makoti ya watu wengine.

Tanuri nililiona kwenye maonyesho ya Pazhou, nilikokwenda kutafuta zipu. Lilikuwa kama kibanda cha chuma kinachonizidi kimo, kina mlango wa kuni na bomba la moshi. Unalisimamisha uani, unawasha moto humo, maji yanapata moto kwenye tangi linalouzunguka, kisha pampu inayasukuma kwa mabomba hadi ndani, kwenye rejeta, vyuma vya ukutani vinavyopasha chumba joto. Joto linaingia nyumbani, moshi unabaki nje. Nilitokwa machozi pale pale, mtu mzima mimi, hadi muuzaji akaniletea kiti.

Laoban, ndivyo tunavyowaita mabosi wote huku, alinipokea kiwandani kwake tukiwa sote tunatiririka jasho. Nikamtajia ninayotaka. Mlango upanuliwe, maana kuni zetu ni magogo ya miti ya miwati, si vijiti. Bomba la moshi lirefushwe lipite paa. Pampu iwe ya sola, kwa sababu umeme wa kwetu hurudi unapojisikia. Kila nikiomba anajibu, "Keyi, keyi," yaani inawezekana. Na kwa kuwa mfanyabiashara wa Dar na Guangzhou hasafirishi tumbo tupu, nililishindilia tanuri makoti ya soko la Shisanhang mpaka mlango ukagoma kufunga. Wenzangu wa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, wakanitania kwamba nampelekea mzee joto la aina mbili.

Lilipofika Makete, kulifunga tulilifunga kwa simu. Mdogo wangu, anayeishi na mkewe kwa baba, alimleta fundi bomba kutoka mjini, akawa ananishikia kamera mimi nikiwatafsiria michoro ya laoban. Walizika mabomba uani, wakayafunga makoti mabovu yasipoteze joto, wakatoboa ukuta. Maungio yalivuja, wakayarudia. Siku maji yalipofika sebuleni, mdogo wangu aliweka kiganja kwenye rejeta akacheka kama mwehu. Baba akavua sweta. Jiko la mafiga likafungwa, wifi akahamia kwenye gesi, na baada ya majuma machache kile kikohozi kikaanza kupungua. Nilijiona nimemshinda hata Izraili. Nilitembea mitaa ya Dengfeng nikimweleza kila mtu, wakiwemo ambao hawakuuliza.

Lakini kwetu mgeni hakaribishwi sebuleni. Anakaribishwa motoni. Jioni majirani walikuwa wanaingia jikoni kwa baba bila kubisha, "Kamwene," wanasalimu, wanavuta vigoda, huyu anafukia kiazi kwenye majivu, yule anasogeza kijinga, na maneno yanakuja yenyewe. Sasa waliketi kwenye makochi wakielekea rejeta ukutani, mikono mapajani, hawana cha kuchochea. Walisifia. Wakaaga mapema. Kisha wakaacha kuja, na baba akabaki na televisheni.

"Mwanangu," aliniambia kwenye simu, "joto nimeliona. Moto wenyewe uko wapi?"

Nikarudi kwa laoban nikamwomba mlango wa kioo, baba auone moto. Safari hii hakusema keyi. Alisema, "Mei banfa," hakuna namna. Moto wa tanuri hili huwaka polepole kwa kunyimwa hewa, kioo kitazibwa na masizi. Nikamng'ang'ania kama kupe mpaka akatengeneza. Mfanyabiashara mwenzangu akakibeba kwenye begi lake kati ya mashuka. Mdogo wangu alikipachika, na baba akatoa kigoda chake nje, akaketi mbele ya tanuri. Juma halijaisha, kioo kilikuwa cheusi kama chungu. Baba alikifuta, kikarudi vile vile. Akaacha kufuta. Akafungua mlango.

Mlango ukiwa wazi, moshi hausumbuki kupanda bomba refu nililoligharimia. Unatokea mbele, usoni kwa aliyeketi. Kuni zinateketea bure na maji hayapati moto. Lakini mwanga ulionekana barabarani, na majirani wakarudi mmoja mmoja na vigoda vyao. Wakamkuta mzee kikohozi kimerudi, mgongo kwenye barafu, uso kwenye moshi. Yaani yale mawili niliyotaka kumwepusha nayo, nimemkusanyia mahali pamoja. La kuvunda halina ubani.

Nilimpigia nikiwa chumbani kwangu, kiyoyozi kikinguruma.

"Baba, nakuomba. Funga mlango, ingia ndani."

"Nikifunga, wataondoka."

"Na usipofunga?"

"Nitaondoka mimi," alisema, bila hasira. "Lakini si leo. Leo kuna viazi."

Akamrudishia simu mdogo wangu, ambaye aliingia nayo sebuleni ili tuongee. Akanionyesha makochi matupu. Akagusa rejeta, akatikisa kichwa: baridi.

"Dada, wewe ndiye mkubwa," alisema. "Niende nikaufunge kwa nguvu? Useme."

Nje niliwasikia wakicheka, sauti ya baba juu ya wote, kisha kicheko chake kikageuka kikohozi, na wengine wakamsubiri. Kilichukua muda. Halafu nikamsikia anaendelea na hadithi yake pale pale alipoikatisha.

Nikamwambia mdogo wangu auache wazi, ampelekee blanketi.