Ng'ombe Hawakugoma

Mjukuu wa marehemu dada yangu alikuwa mwenyekiti wa wanafunzi katika chuo cha mifugo kilicho nyuma ya nyumba yangu, na uenyekiti wake haukumaliza hata muhula. Wanaosimulia habari zake husimulia kile kipande cha mgomo tu, tena kwa kucheka. Mimi nilikuwepo, kwa kuwa asubuhi na jioni nilikuwa nikinunua maziwa ya chuo na kuyazungusha mitaani kwa baiskeli. Basi nitaeleza nilivyoona, ingawa siku hizi kushika kalamu kunanichosha kuliko baiskeli ilivyokuwa ikinichosha.

Chuo chenyewe ni kidogo. Kuna madarasa, bweni la wavulana na la wasichana, bwalo la chakula ambalo ndilo pia ukumbi wa mikutano, na huko nyuma banda la ng'ombe wa maziwa. Zamani mkuu wa chuo aliishi humo humo, katika nyumba yenye bati lililovuja kama mabati ya wengine. Mwanafunzi mwenye shida alimgongea mlango, akamkuta kavaa kandambili, wakayamaliza pale pale barazani. Mwenyekiti wa wanafunzi naye alikuwa ni yule anayeamka kabla ya wenzake kuchemsha maji ya kuoshea viwele. Hakuomba kazi hiyo. Alisukumwa mbele, akakataa, akasukumwa tena. Siku hizi anayetaka uongozi anabandika picha yake kila ukuta, kavaa koti la kuazima, na chini ya picha pameandikwa "Mheshimiwa". Ukimtazama sana unaona mikono ya koti imempita vidole.

Binti yetu hakwenda chuoni kutafuta uheshimiwa. Aliingia katika mambo ya wanafunzi kidogo kidogo, kama mtu anavyoingia kwenye maji ya baridi. Mwanzo ulikuwa bwenini. Mabomba ya wasichana yalikuwa yamekauka, ikabidi wateke maji kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, na kila asubuhi kulikuwa na ugomvi wa nani atangulie. Akapanga zamu. Kisha chama cha mdahalo kikakosa mtu wa kupanga viti, akapanga viti, akabaki kusikiliza, mwishowe akawa anaulizwa maoni. Timu ya netiboli ikamkabidhi ufunguo wa stoo kwa sababu yeye hakuwa akipoteza vitu. Wakambandika jina la Mama Ndoo, naye akaliitikia.

Ulipofika uchaguzi wasichana walimsimamisha bila kumwuliza sana. Mpinzani wake alikuwa kijana waliyemwita Spika, kwa sauti yake na kwa kipaza sauti alichokuwa akitembea nacho kama mtoto wa kubeba mgongoni. Alikuwa mcheshi, siwezi kumnyima hilo. Alihutubia bwalo mpaka wapishi wakaacha masufuria. Zamu ya binti ilipofika alisema hajui kuhutubia, ila maji hayatoki bwenini na yeye atakwenda kuyadai. Akakaa. Wakamcheka, kisha wakampa kura. Spika akawa makamu wake na, ajabu, wakaelewana.

Kudai maji kulimla. Mkuu wa sasa anaishi mjini, anakuja kwa gari siku anayotaka, na mlangoni pake yuko katibu muhtasari mwenye kucha ndefu na majibu mafupi. Binti alikuwa akingoja kwenye benchi nje ya mlango huo huku vipindi vyake vikimpita. Akibahatika kuingia anaitwa "binti yangu", anaambiwa pampu ni mbovu, bajeti haijatoka, awe na subira. Wakati huo huo maji ya tangi yalikuwa yakienda bila kukatika kwenye nyumba ya wageni ambayo chuo kinakodisha kwa watu wa semina. Kila mtu alilijua hilo. Bustani yake ilikuwa ya kijani hata kiangazi.

Jioni alikuwa akija kukaa uani kwangu juu ya kreti, mabuti yake bado yana kinyesi cha banda.

"Babu, nimechoka kutabasamu," aliniambia siku moja.

Nikamweleza habari za wenyeviti wa zamani, jinsi walivyokuwa wakimkabili mkuu uso kwa uso na kurudi na jibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu.

"Hao walikuwa na mkuu wa kumgongea mlango," akasema. "Mimi namgongea katibu muhtasari."



Mwishowe wanafunzi walikutana bwaloni, wakaamua kugoma. Mimi nilikuwa dirishani na madumu yangu, nikingojea maziwa yapoe. Spika ndiye aliyetoa hoja. Hakuna darasa, alisema, hakuna kufagia, na hakuna kukamua. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na meno. Yule mkamuaji wa kuajiriwa alipostaafu, chuo hakikuweka mwingine. Kukamua kukaitwa mafunzo kwa vitendo, wanafunzi wakakamua bure, na chuo kikaendelea kuishi kwa maziwa yale. Binti alikubali yote mengine. Aliomba tu ng'ombe waachwe nje ya ugomvi.

"Mwenyekiti," Spika akamwambia, "ukiwatoa ng'ombe huu si mgomo tena, ni likizo."

Bwalo likaangua kicheko. Wakapiga kura kwa mikono, akashindwa, na kwa kuwa ndiye mwenyekiti, ikawa kazi yake kuutangaza mgomo ambao kipande chake kimoja hakukitaka. Alipata ruhusa ya jambo moja tu: ampigie mkuu simu mapema, ili mkuu atafute watu wa kukamua.

Alipiga simu hiyo akiwa uani kwangu. Niliona uso wake ukibadilika. Mkuu alikuwa amemjibu kwa upole. Alisema haajiri mtu yeyote, kwani katika miaka yake yote hajawahi kuona mwanafunzi wa mifugo akamwacha ng'ombe analia.

Asubuhi ya mgomo banda lilikuwa kimya kwa muda. Ng'ombe walisogea mlangoni kama kawaida yao, wakangoja. Baadaye wakaanza. Asiyejua ng'ombe wa maziwa hajui kilio hicho. Si cha njaa. Kiwele kinajaa, kinakuwa kigumu kama jiwe, chuchu zinatoka pembeni, na mnyama anatanua miguu ya nyuma kwa kuwa hawezi kuikutanisha. Sauti ilifika bwenini, ikafika uani kwangu. Wavulana bwenini kwao wakafungulia redio kwa nguvu. Nilimwona msichana mmoja amekaa ngazini, ameziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Jioni nilikwenda bandani na madumu matupu, kwa mazoea tu. Nikamkuta binti anafunga kitambaa kichwani, ndoo iko miguuni.

Nilimwambia akae afikiri. Nilimwambia akikamua mkuu ameshinda, na wenzake hawatamwacha. Mimi si mtu wa kupenda migomo ya siku hizi, lakini neno likishapitishwa na wengi nimelelewa kuliheshimu.

"Najua ameshinda," akasema. "Ananijua kuliko wapiga kura wangu. Lakini huyu wa pembe moja ameanza kutoa maziwa ya mabonge, Babu. Kiwele kikioza, maji yakitoka bwenini yeye yatamsaidia nini?"

Akakaa kwenye kigoda, akaanza. Vidole vyangu haviwezi tena kukamua. Nilishika mikia na kubeba ndoo. Ng'ombe wa kwanza alimpiga teke, wa pili akasimama akitetemeka. Nilipotaka kuanza kumimina kwenye madumu alinizuia. Maziwa haya, alisema, chuo hakitayapata, kwa sababu mgomo bado upo. Akayamwaga mferejini, ndoo baada ya ndoo, meupe, yanatoka mvuke. Nimeuza maziwa karibu maisha yangu yote. Nilitazama pembeni.

Mkuu hakuhitaji maziwa. Alihitaji habari, na habari ilimfika. Asubuhi palibandikwa tangazo kwamba kazi bandani zinaendelea vizuri na chuo kinawashukuru wanafunzi wenye moyo wa uwajibikaji, wakiongozwa na mwenyekiti wao.

Mkutano ukaitwa kabla ya chai. Nilisimama tena dirishani. Spika hakuwa na kipaza sauti siku hiyo, wala utani. Alimwuliza binti kama ni kweli. Akajibu ni kweli, aliwaambia tangu mwanzo hakukubali, na maziwa yote aliyamwaga.

"Nani alikuona ukimwaga?" akauliza mmoja wa nyuma. "Babu yako muuza maziwa?"

Walicheka, wakageuka dirishani wote kwa pamoja. Nilikuwa nimeshika dumu kila mkono. Ningesema nini? Zamani kijana asingemkatia mzee kauli namna hiyo, na mzee angeulizwa, neno lake lingetosha. Pale nilikuwa mteja wa maziwa tu, mtu mwenye madumu, na kila nililotaka kusema lilikuwa limekwisha kuharibika kabla halijatoka mdomoni. Binti alinitazama, akatikisa kichwa kidogo. Nikayaweka madumu chini.

"Mimi siombi mniache kwenye kiti," aliwaambia. "Mlinichagua nidai maji, sikuyapata. Ila leo jioni nitakamua tena, ili msije mkaambiwa na tangazo."

Wakamwondoa. Mikono iliyoinuliwa ilikuwa mingi, ingawa niliona mingine imeinuliwa nusu, kama ya mtu anayeota moto. Spika akawekwa kushika nafasi. Binti alitoka kwa mlango wa jikoni, akakinga maji ya kunywa kwenye kikombe cha mpishi mkuu, mama mmoja mnene asiyependa maneno. Yule mama akampangusa bega kama anaondoa vumbi, akarudi kwenye moto wake.

Jioni alikuwa bandani kama alivyosema. Mikono ilikuwa imevimba, vidole havikunjiki vizuri, akawa anasimama kila baada ya ng'ombe mmoja na kuinyoosha. Nilikuwa naye, sina msaada wa maana. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule ambao hata kukasirika kunauzidi nguvu.

Tulikuwa hatujafika katikati nilipomwona Spika amesimama mlangoni, nje ya kizingiti. Alikaa hapo muda mrefu, akimtazama yule wa pembe moja, ambaye kwake ndiko alikojifunza kukamua mwaka wake wa kwanza.

"Mabonge bado?" akauliza.

"Yamepungua," binti akajibu bila kugeuka.

"Siwezi kuingia. Unajua."

"Najua. Shika mlango basi, bawaba imelegea, ndama watatoka."

Akaushika. Binti akamaliza ng'ombe aliyekuwa naye, akainuka, akapita mbele yake na ndoo iliyojaa, akaimwaga mferejini. Spika aliyafuata maziwa kwa macho mpaka yakapotea kwenye nyasi.

"Nitawaambia nimeona," akasema kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kama anayo.

"Usiwaambie. Wataanza upya kubishana habari zangu, na kesho unaonana na mkuu." Alikuwa ameshakaa tena kwenye kigoda, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. "Akikuita kijana wangu, usitabasamu. Mwambie maji."

Kulikuwa na ng'ombe wengi bado, na giza lilikuwa linaanza kuingia. Spika alibadilisha mkono, akaegemea mlango kwa bega, akaendelea kuushika mpaka wa mwisho akakamuliwa.