Shahidi wa Kuku Wasioonekana

Wateja walimwita Spika. Si yule wa bungeni anayenyamazisha watu, bali lile dude la harusini ambalo halinyamazi lenyewe. Alikuwa na meza ya mitumba sokoni, na mtaji wake mkubwa ulikuwa mdomo. Koti lililotobolewa na panya yeye alilisifu kwa kupitisha hewa, na mteja aliondoka nalo akishukuru. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mali ya Spika ilikuwa ya aina ya pili, na wa kuitembeza alikuwepo.

Hapo mezani ndipo Mkurugenzi alipomkuta. Mkurugenzi wa nini, usiulize. Ukishavaa suti na viatu vya kung'aa, cheo hukufuata chenyewe. Alikuwa na kampuni ya kuku. Unanunua kuku, ila humwoni, maana yuko shambani, na shamba liko mbali, na barabara ni mbovu. Anataga mayai usiyoyala, na kila mwisho wa mwezi unaletewa faida, mpaka ufike mwezi ambao huletewi. Ukitaka kumtembelea kuku wako, unaambiwa wageni huwapelekea kuku magonjwa. Ukitaka kutoa hela zako, unaambiwa kuku yuko kwenye mayai, usimsumbue. Watu wenye shahada zao walikaa wakasikiliza haya, wakaitikia kwa vichwa na kuandika.

Kazi aliyompa Spika ilikuwa nyepesi. Mikutanoni alikaa katikati ya watu kama aliyepita njia tu, kisha akanyanyuka bila kuitwa, akashuhudia: "Jamani, mimi nilianza na kuku kumi. Leo nina nyumba yangu ya vyumba vitatu, na choo cha ndani!" Choo cha ndani alikiongeza mwenyewe, bure, kwa kuipenda kazi. Alipanga chumba kimoja, na chooni kwao walienda kwa foleni.

Mkutano ukiisha alipewa bahasha yake, hela taslimu, tofauti na wenye kuku. Na yeye mwenyewe hakununua hata kifaranga. Angenunua vipi, na akili anazo? Alijua kwamba biashara yenye faida haikodi watu wa kuisifu, na kwamba faida waliyopewa wa mwanzo ilitoka mifukoni mwa waliowafuata. Alijua yote hayo na akalala usingizi mzuri. Wajinga ndio waliwao, alijisemea, akaitia bahasha kifuani.

Jumamosi moja, katika ukumbi wa kukodi wenye feni mbovu, alisimama kama kawaida, akafungua mdomo, na akamwona mdogo wake. Walitoka tumbo moja, na mama yao alipofariki Spika ndiye aliyemlea. Mdogo mtu alikuwa amestaafishwa juzi tu kazi ya kupiga deki wodi za hospitali. Kiinua mgongo chake kilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ameupakata kama mtoto mchanga. Spika akauacha ushuhuda wake. Akapenya hadi kwenye kiti cha pembeni yake.

"Umefuata nini huku?"

"Shikamoo, dada. Nimefuata kuku. Nilikuona kwenye simu ya jirani ukieleza ulivyojenga. Nililia, dada. Vyumba vitatu, na mimi ndugu yako sijui!"

"Sijajenga mimi! Ninapolala si unapajua?"

"Nilijua utakana. Kuona na mimi nimepata, hutaki tulingane."

"Mdogo wangu, hizo hela ni mgongo wako. Kuku hakuna. Nalipwa nidanganye watu."

"Kwa hiyo hawa wote unawadanganya, ila mimi peke yangu ndiyo unaniambia kweli?"

Mbele huko walitangaziwa kwamba leo ndiyo siku ya mwisho ya bei ya zamani, kama ilivyokuwa siku ya mwisho wiki iliyopita. Watu wakaanza kujipanga kwenye meza ya malipo, na mdogo wake akanyanyuka na mkoba wake.

Spika akakimbilia jukwaani na kupokonya kipaza sauti. "Sina nyumba! Sina kuku! Nimelipwa niwadanganye!"

Mkurugenzi hata jasho halikumtoka. Akatabasamu, akamshika bega kwa upole.

"Mnaona, ndugu zangu? Mwenye nacho ndivyo alivyo. Akishapanda juu, anaivuta ngazi wenzake wasipande."

Makofi yalilipuka, na foleni ikarefuka. Hata waliokuja kushangaa tu walianza kupekua mifuko.

Basi Spika akaacha maneno, yeye ambaye hakuwa na silaha nyingine. Akashuka, akaukwapua mkoba mikononi mwa mdogo wake, akatimua mbio kuelekea mlangoni.

"Mwizi! Mwizi huyo!" ukumbi mzima ukapaza sauti. Mwizi alipatikana, hatimaye, na alipatikana mmoja tu. Wakamdaka mlangoni, wakamzaba makofi, kilemba kikaanguka kikakanyagwa. Alilia akiita jina la utoto la mdogo wake, na hakuna aliyemsikiliza.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe na kuuchukua ule mkoba. Akauinua juu kila mtu auone, zipu haijaguswa, akaurudisha kwa mwenyewe. "Kwetu hapa," akasema, "hela ya mtu haipotei." Watu walisimama kumshangilia. Mzee mmoja alifuta machozi, akasema waaminifu bado wapo duniani.

Mdogo mtu aliupokea mkoba wake kwa mikono miwili, akamshukuru sana Mkurugenzi. Kisha akaufungua, akatoa hela zote, akampa.