Miaka Yangu na Vifaranga wa Kambare

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona samaki hata mmoja. Nilikuwa nimeajiriwa papa hapa Voi, mji nilikozaliwa, katika kituo kidogo cha kuzalisha vifaranga wa samaki, na barua yangu ilisema kazi ni ya usafi. Mkuu wa kituo, ambaye sote tulimwita Bwana Afisa, alinisimamisha mbele ya beseni jeupe akaniuliza naona nini.

"Naona maji," nikamjibu.

"Tazama vizuri."

Nikainama mpaka ushungi ukakaribia kulowa. Baada ya kitambo nikaona kitu kama vumbi, ila vumbi lenyewe lilikuwa likitembea, na kila chembe ilikuwa na vidoa viwili vyeusi vya macho.

"Hao ni kambare wa siku mbili," akasema. "Wafagiaji watatu kabla yako waliwamwaga mtaroni wakidhani ni uchafu. Wewe ukiweza kuwaona, ufagio nitampa mwingine."

Wiki ya pili ufagio akampa mwingine. Mama yangu, ambaye wazee wake walitoka pwani, alicheka hadi akakaa chini. "Watu wetu walivua samaki, mwanangu. Hawakuwanyonyesha." Lakini kunyonyesha hasa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, nami niliifanya miaka yangu yote.

Nyinyi mnaoanza sasa mna mashine za kupima hewa ya majini na picha mnazotumiana kwa simu. Sisi tulijifunza kwa mikono. Kambare akifugwa hatagi vizuri mwenyewe, kwa hiyo jike hudungwa sindano ya kuyaivisha mayai. Unangoja saa kadhaa, kisha unamkamua kwa kidole gumba, taratibu, kutoka kifuani kwenda mkiani, na mayai yanatoka kama uwele uliopikwa. Dume hakamuliki. Huyo huchinjwa, mbegu zake zikachanganywa na mayai kwa unyoya wa kuku, kwa sababu kijiko huyapasua. Mayai hutandazwa juu ya wavu kama chandarua, na baada ya siku moja na kitu yanaanguliwa. Kifaranga huzaliwa na chakula chake tumboni, kiini cha manjano kinachomtosha siku tatu hivi. Siku ya nne anakutazama wewe.

Kosa nililolibeba muda mrefu kuliko yote nililifanya Njukini, upande wa Taveta, nilikohamishiwa baada ya Voi. Kule kuna maji ya chemchemi, safi, tofauti na ya mfereji ya Voi ambayo tulilazimika kuyaacha wazi siku nzima yatoke dawa. Tulikuwa na matangi manne na wafanyakazi wanne. Aliyekuwa na miaka mingi pale ni Mzee Mwadime, Mtaita mpole, mwosha matangi. Mkuu wetu alikuwa msomi aliyeitwa Daktari. Alikuwa amefanya kazi ng'ambo, kwenye shamba la baharini linalolea jodari tangu yai, na kila alichotufundisha alikianza kwa jodari.

"Jodari mchanga humla ndugu yake," angetuambia tukichambua vifaranga kwa ukubwa. "Kambare vilevile. Mkubwa na mdogo msiwaweke tangi moja hata kwa chakula cha mchana."

Tulimheshimu, lakini kisogoni tulicheka. Jodari na Njukini wapi na wapi?

Mwaka huo kikundi cha akina mama wa Wusi, juu milimani, kilikuwa kimechimba mabwawa matatu kwa majembe, wenyewe, kwenye udongo wenye mawe. Mwenyekiti wao, Mama Wakesho, alikuwa amekuja mpaka kwetu kuona vifaranga wake wakiwa bado kama mbegu za nyanya. Daktari akamwahidi atawapata baada ya wiki tano.

Wiki ya tatu Daktari akaitwa Wundanyi, kwenye makao makuu yetu, kwa mikutano, na matangi akaniachia mimi. Huo ndio wakati vifaranga wanapoachishwa vidudu vya majini na kuzoezwa chakula kikavu, na chakula kikavu kilikuwa kimechelewa kufika. Ningeweza kumpigia simu. Sikumpigia, kwa kuwa nilitaka akirudi akute nimelimaliza tatizo mwenyewe. Nikasaga omena, nikachanganya na kiini cha yai lililochemshwa, na ili wanenepe nikatia mafuta ya ini la samaki, tena kwa ukarimu. Vifaranga wakala kwa pupa, nami nikajisifu.

Asubuhi ya siku ya nne tangi la kwanza lilikuwa jeupe kwa matumbo yaliyogeuka juu. La pili, nusu. Katika yale mawili mengine vifaranga walikuwa wakipanda kidogo, wakisita karibu na uso wa maji, kisha wakizama kama waliosahau walichokuwa wakifuata. Nikawaza mabwawa ya Wusi yaliyokwisha jazwa maji.

Daktari alirudi kabla ya adhuhuri. Hakupiga kelele, alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mwadime.

"Matangi uliyaosha lini?"

"Juma lililopita, Daktari, kabla ya kuhamisha vifaranga."

"Kwa dawa?"

"Kwa dawa, halafu nikasuuza mara tatu kama kawaida."

"Una hakika ni mara tatu?"

Mzee alikawia kujibu. Si kwamba alikuwa na shaka. Alikuwa mtu anayefikiri kabla ya kusema, lakini siku hiyo ukimya wake ulionekana kama hatia. Daktari akasema ataandika barua Wundanyi, na kwamba mtu asiyejua kusuuza hawezi kuachiwa roho za viumbe.

Nilikuwa nimesimama penye tangi la tatu. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu chini ya bati, na juu ya maji nikaona rangi, zambarau na kijani, kama unazoziona kwenye dimbwi la gereji. Bomba letu la kutolea maji lilikuwa chini ya tangi. Kila kilichoelea kilikuwa kimebaki juu tangu siku ile nilipotia mafuta yangu.

Nitawaambia kweli: nilifikiri kunyamaza. Barua ilikuwa bado haijaandikwa, na Mzee Mwadime alikuwa karibu kustaafu. Nikajiambia hatadhurika sana. Kisha nikamwona ameshika kofia yake kwa mikono miwili, kama mtu aliye mlangoni pa watu wasiomjua.

"Daktari," nikasema, "si Mzee Mwadime. Ni mimi. Nilitia mafuta kwenye chakula."

Akaja. Akagusa maji kwa kidole, akakinusa. Nilingoja aniambie nikusanye vitu vyangu.

"Kule ng'ambo," akasema polepole, "jodari mchanga lazima aje juu ameze hewa siku zake za mwanzo. Maji yakiwa na utando wa mafuta, hawezi kuupasua. Nilipoteza tangi zima hivyo. Mafuta niliyamwaga mimi." Akanitazama. "Na kambare, wiki ya tatu ndipo anapoanza kuja juu kuvuta hewa. Hawa hawajadhurika kwa sumu, Bi Zuhura. Wanazibwa pumzi. Leteni magazeti."

Tukaleta magazeti yote ya ofisini. Watu wawili mnashika karatasi huku na huku, mnailaza juu ya maji, mnaivuta hadi ukingoni, mnaitoa na mafuta yake, kisha nyingine. Mzee Mwadime alishika upande wa pili wa karatasi yangu mchana kutwa. Daktari mwenyewe alikunja suruali akainua bomba, ili maji yamwagike kutoka juu badala ya chini. Alipomaliza alimwendea mzee, akamwambia, "Nimekukosea," mbele yetu sote. Mzee akaitika kwa kichwa, akavaa kofia.

Kisha tukakaa kutazama. Kwa muda hakuna kilichobadilika. Halafu kifaranga mmoja, mfupi kuliko kucha ya kidole changu, akapanda, akapasua uso wa maji, akachukua tone la hewa, akashuka. Akafuata mwingine. Kisha uso mzima ukaanza kudonolewa kama na manyunyu. Nilikaa pale sakafuni kwenye maji nikalia, na wenzangu wakaniacha nilie.

Wusi tulipeleka nusu ya tulioahidi. Njia nzima nilipanga maneno ya kujitetea, lakini tulipofika nikaeleza tu nilichofanya. Mama Wakesho akasikiliza, akatazama mifuko iliyojaa hewa na vifaranga wakikimbizana ndani.

"Wako hai?"

"Wako hai, mama."

"Basi tutaanza na mabwawa mawili. La tatu litangoja. Mimi pia nimewahi kuunguza mahindi ya harusi."

Baada ya Njukini nilihamishiwa Wundanyi, ambako baridi huchelewesha mayai na subira ndiyo nusu ya chakula, kisha nikarudi Voi nikiwa mkuu wa kituo. Watumishi wangu walipoharibu, swali langu la kwanza lilikuwa walifanya nini jana, wala si nani alifanya. Waliosema mapema, karibu kila mara tuliokoa kitu. Kifaranga hawezi kungoja mpaka mtu mzima aishinde aibu yake.

Nilistaafu salama, alhamdulillahi. Watu huniuliza kama nimechimba bwawa nyuma ya nyumba, kwa ujuzi wote huo. Hapana. Maji ya mfereji yakikatika sasa, nalaza kichwa upande wa pili. Na nikitamani samaki naenda sokoni, nachagua mkubwa, aliyekuzwa kwa wasiwasi wa mtu mwingine, nampika kwa nazi, namla hadi mifupa.