Tulimlilia Tusajigwe Akiwa Hai

Nikikaa peke yangu hapa Bulyaga na mvua inanyesha, mwanangu, mawazo yananirudisha siku ile tuliyobeba ndizi na kuni kwenda kumpa pole Tusajigwe. Naikumbuka vizuri, kwa sababu kesho yake tulisemwa sisi, tukasemwa tena, na kusemwa kule kumenifaa maisha yangu yote.

Nilikuwa binti wa kufua na kutandika vitanda kwenye hoteli moja hapa Tukuyu. Usiniulize jina lake, mwenyewe alishakufa na watoto wake ni majirani zetu. Kufua kule kulikuwa kazi ya wawili wawili. Shuka likishalowa mtu mmoja halikamui, na blanketi ndiyo usiseme kabisa. Mimi nashika huku, mwenzangu kule, tunasokota mpaka maji yanaisha. Na hali ya hewa ya kwetu unaijua, jua ni la kuombea. Tunaanika, tunaanua, tunaanika tena, na kucheka humo humo. Mwenzangu alikuwa huyo Tusajigwe, binti wa Kisondela. Mshahara wetu ulikuwa wa kutia huruma, lakini yeye kwa huo huo alikuwa anasomesha wadogo zake, maana baba yao hakuwepo. Jamani, nina hamu naye! Hata leo nikisikia wasichana wanacheka bombani, nageuza shingo.

Basi mama yake akafariki, akaenda kuzika. Na wewe ni mtu wa huku, unajua msiba wetu hauishii kaburini. Watu wanaendelea kuja, na mkubwa wa nyumba hawezi kunyanyuka tu akawaacha. Aliporudi kazini, bosi akamwambia nafasi yake imeshapata mtu. Aliambiwa hivyo mlangoni, hata ndani hakukaribishwa.

Sisi tukafanya nini? Tukafanya tunachokijua. Tulipotoka kazini wanawake tukafunga khanga viunoni, huyu kajitwisha mkungu wa ndizi, huyu kuni, Hamisi mhudumu wa mezani kabeba sukari, tukashika njia ya Kisondela kwa miguu. Tukakaa naye, tukalia, tukaimba mapambio, tukamwambia Mungu yupo. Mdogo wake wa mwisho alikuwa amevaa sare ya shule, maana hakuwa na nguo nyingine ya maana. Tukarudi mioyo imetulia kabisa, tunaona tumetimiza wajibu.

Kesho yake jikoni tukamsimulia Bibi Subilaga. Huyu ndiye alikuwa mpishi wetu, mama mtu mzima, mkali, mwenye mdomo ambao hata bosi aliuogopa. Alikuwa anamenya ndizi za kupika mbalaga. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kisu chini.

"Mmelia vizuri?"

"Tumelia, bibi."

"Na mmemzika?"

Hamisi akacheka, akidhani ni utani.

"Nauliza, mmemzika? Maana kuni mmempelekea, ndizi mmempelekea, na nyimbo mmeimba. Kwani Tusajigwe amekufa? Aliyekufa ni mama yake! Yeye mzima, ana mikono yake, anataka kazi yake, nanyi mnamlilia kama maiti. Aliyemfukuza yuko ofisini pale, anakunywa chai mliyompelekea nyinyi wenyewe. Kwake hamkwenda. Wajinga wakubwa nyie!"

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke niingie. Hamisi akajitetea kwamba tukienda bosi atatufukuza wote. Bibi akaokota kisu chake, akaendelea kumenya. "Akienda mmoja atamfukuza. Msibani huwa mnajikusanya mnakwenda kundi zima. Hapa mmesahau nini?"

Asubuhi iliyofuata tulitandika mikeka uani, mbele ya mlango wa ofisi, tukakaa. Wapishi, wafuaji, wahudumu, hata mlinzi akaacha geti akaja. Jiko halikuwashwa. Tumeinamisha vichwa, kimya, ukungu unatupita. Bibi alishatuonya kwamba akiitwa mtu ofisini, asiende peke yake.

Bosi akatoka anafunga vifungo vya koti. Bibi akamwamkia kwa Kinyakyusa, kwa adabu zote.

"Kuna nini hapa? Nani kafariki?"

"Bado, baba. Tunamsubiri Tusajigwe."

Lo, alifoka mtu yule! Alifoka, akatutisha, halafu akalainika, na hapo ndipo palikuwa pabaya zaidi. Akanigeukia mimi. "Wewe binti, mimi na baba yako tunaheshimiana. Ingia ofisini tuongee wawili." Nikasema, "Tuongee hapa hapa, bosi. Hawa ni ndugu zangu." Sauti ilikuwa ndogo ya kuchekesha, lakini ilitoka.

Kutufukuza pale mkekani alishindwa. Alikuwa mtu wa huku huku, na mtu aliyekaa uani kwako ameinamisha kichwa humwambii aondoke, utasemwa mpaka kule Matwebe. Lakini kilichommaliza ni mgeni mmoja, mzee wa watu, aliyetoka chumbani kutafuta chai yake. Akatuona, akavua kofia, akaenda moja kwa moja kwa bosi na kumshika mkono. "Pole sana, ndugu yangu. Ni nani, mama watoto?"

Wee! Hamisi alificha uso kwenye magoti, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mgeni akadhani analia, akampa pole na yeye. Bosi amesimama, mkono wake umeshikwa. Mwisho akasema taratibu, "Mwiteni huyo Tusajigwe." Mlinzi akapanda baiskeli saa ile ile. Na sisi hatukunyanyuka mpaka binti alipofika, akaambiwa kwa kinywa cha bosi mwenyewe kwamba arudi kazini. Hapo tukalia upya, ila kilio hicho kilikuwa kitamu.

Baada ya hapo ndipo tulipoita watu wa chama cha wafanyakazi kutoka Mbeya, tukafungua tawi, Bibi Subilaga akawa mwenyekiti. Tukapatana na bosi juu ya likizo ya msiba na ya uzazi, na kwamba mtu asifukuzwe bila kusikilizwa. Tulikutana Jumapili baada ya ibada, nyuma ya jiko, hata kama hakuna shida yoyote. Tunakula, tunabishana, tunanuniana, tunapatana. Nilikwenda kazini kifua mbele siku zile. Natamani ungetuona. Natamani hata mimi nituone tena, mchana mmoja tu. Bibi alishatangulia, Tusajigwe naye akamfuata, wadogo zake wakiwa wamesoma wote. Hoteli ikauzwa, wakaja vijana wa kuajiriwa kwa maneno ya mdomo, kikao hakuna wa kukiitisha, na tawi letu likafa bila hata kuliliwa.

Sasa nyinyi jana mmekuja kunieleza habari za Neema, mhudumu mwenzenu, kaondolewa kazini kwa sababu alimpeleka mtoto hospitali. Mmenionyesha simu, kundi lenu limejaa "pole dada" na vile vikatuni vya kulia. Mmemchangia unga na sabuni. Ndaga, asanteni, mna roho nzuri. Halafu mkataka nimwombee. Nitamwombea, kwani kuomba kuna gharama gani? Lakini nyinyi bosi wake mmemwona? Hamjamwona.

Nisikilizeni, wanangu. Mtu akifiwa, kaeni naye. Mtu akionewa, nendeni mkakae kwa yule aliyemwonea, wote, kwa adabu, bila matusi wala jiwe. Haya mambo mawili msiyachanganye. Mkiitwa ofisini mmoja mmoja, kataeni, hata kama sauti ni ndogo. Na jiungeni na chama sasa, mkutane mkiwa wazima na mnacheka, maana mkingoja shida mtakutana hamjuani. Upweke wa kazini ni mbaya, mwanangu. Mimi nimeuonja mwanzo na nimeuonja mwisho, katikati ndiyo nilikuwa mtu.

Kesho asubuhi mnipitie hapa. Kufua siwezi tena, na kutembea ni kwa fimbo, lakini kukaa bado naweza sana. Mungu aibariki mikono yenu, awaponyee watoto wenu, na kesho jioni awarudishe nyumbani nyote mkiwa na kazi zenu, Neema akiwa katikati yenu.