Jiko Lisilo na Moshi

Mwanangu Nafula, keti kwanza. Hilo jiko dogo uliloniomba liko nyuma ya mlango, na sijakunyima. Lakini kabla hujalibeba, kuna siku moja ambayo lazima nikusimulie, maana naikumbuka hata nisipotaka. Nimeisimulia mara nyingi hadi nimechoka. Mama yako aliisikia akiwa msichana, akapiga miayo mbele yangu. Wewe pia piga ukitaka, mradi usikie.

Nilikuwa na umri kama wako, ishirini na kitu, nikifanya kazi ya kutengeneza majiko ya makaa pale Busia, kwenye vibanda vya mabati kando ya barabara ya kwenda mpakani. Fundi wangu alikuwa Mzee Wandera, mtu ambaye angeweza kukaa na wewe kutwa nzima bila kukuambia neno zaidi ya "shika hapa" na "achilia". Yeye alikata na kukunja bati, mimi nilipigilia na kuuza. Kazi ya kuuza nilipewa mimi kwa sababu mdomo wangu haukuwa na breki.

Nilikuwa na maneno yangu ya kuuzia. Hakuna aliyenifundisha, niliyatunga mwenyewe. Mteja akisimama tu, nilikuwa naanza: "Hii jiko haina moshi kabisa, mama. Unawasha nje, makaa ikishaiva unaingiza ndani, unalala nayo mpaka asubuhi. Hata mtoto mchanga atalala vizuri."

Sikuona kama nadanganya. Nyumbani kwetu, jiko liliwashwa uani, likapepewa mpaka moshi ukaisha, ndipo likaingizwa ndani. Kumletea mgeni jiko linalofuka moshi ilikuwa aibu, na kumletea makaa mekundu yaliyotulia ilikuwa heshima. Kila mtu alijua ubaya wa jiko ni moshi, na moshi ukiisha ubaya umeisha. Lakini nyumba zile zilikuwa za nyasi na udongo, mwanangu, na upepo uliingia kila mahali. Tulilala salama kwa sababu ya matundu tuliyokuwa tukiyalalamikia, na mimi sikulifikiria hilo hata siku moja.

Basi ikafika ile miezi ya mvua ambapo watu wanapita hapa kwa miguu kwenda kuhiji Uganda, kama unavyokwenda wewe wiki ijayo. Wakati huo hakukuwa na hema hizi zenu za bei rahisi kutoka Malaba, zinazokunjwa zikaingia mfukoni. Watu walijishonea wenyewe. Jioni moja wakaja kwenye kibanda dada wawili kutoka Rukala, wamelowa mpaka magotini. Mkubwa aliitwa Taaka, mwanamke mnene kidogo, mcheshi, na mdogo wake aliitwa Nabwire. Kundi lao lilikuwa limepewa kiwanja cha kanisa walale hapo kabla ya kuvuka mpaka.

Taaka akalishika jiko dogo, akaligeuzageuza. "Boss," akaniambia, akicheka, "hii itatosha kwa hema? Tumeshona yetu na nailoni nyeusi, ile nzito. Chini tunazungushia mawe, hata upepo haiingii."

"Itatosha sana," nikasema.

"Na hakuna ubaya tukiingia nayo?"

Aliniuliza, Nafula. Nataka ulikumbuke hilo. Mwanamke mwenye akili zake alisimama mbele yangu akaniuliza swali lililo sawasawa, na mimi nikamjibu kwa yale maneno yangu yote, kuanzia moshi mpaka mtoto mchanga. Wakaondoka wamefurahi.

Kesho yake tukasikia kwamba hujaji mmoja amefariki pale kanisani, na kwamba ni malaria. Nilisema pole, kama watu wote walivyosema, nikaendelea kupigilia bati. Wenzake wengine wakavuka mpaka. Wiki mbili tatu nyingine nilikaa pale nikiuza majiko kwa maneno yaleyale, na nilikuwa nakula na kulala vizuri.

Halafu siku moja mchana nilikuwa namhudumia mama mmoja kijana aliyebeba mtoto mgongoni. Nilikuwa nimefika pale kwenye "hata mtoto mchanga" nilipoona mwanamke amesimama nyuma yake na gunia mkononi. Nilimtambua kwa shida, kwa sababu alikuwa amekonda. Ni Nabwire. Alitoa jiko ndani ya gunia, limesuguliwa likawa safi kuliko nilivyomuuzia, akaliweka mbele yangu.

"Endelea," akasema. "Mwambie yote ile ulituambia."

Nikajifanya napanga majiko. Basi akasimulia yeye, na hakuwa ananiambia mimi, alikuwa anamwambia yule mama mwenye mtoto. Sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema: "Tulingoja moshi iishe, tukaingiza jiko, tukafunga mlango ya hema. Dada akaanza kusema kichwa inamuuma. Akasema miguu haina nguvu, anasikia kutapika. Mimi nikamwambia hiyo ni malaria, umenyeshewa sana. Nikamfunika na leso yangu ya kujifunga. Alikuwa anatetemeka, nikamsogezea jiko karibu na kichwa. Akaniambia asante."

Nabwire mwenyewe kichwa kilikuwa kinamuuma pia, lakini alidhani ni uchovu wa kutembea. Alitoka kwenda chooni, miguu ikamwishia mlangoni, akaanguka nusu ndani nusu nje, na hiyo hewa ya mvua iliyompiga usoni ndiyo iliyomwokoa. Wanawake waliokwenda kuchota maji alfajiri wakamkuta hapo. Taaka alikuwa ndani, amelala kwa ubavu, leso imemkaa vizuri.

"Hospitali wakaniambia haikuwa malaria," Nabwire akasema. "Wakasema makaa ikiwa ndani ya kitu imefungwa inatoa hewa mbaya. Haina moshi, haina harufu. Unavuta tu, na usingizi inakuja."

Yule mama akamvuta mtoto wake karibu, akarudisha jiko alilokuwa ameshika, akaenda zake.

Sasa nitakuambia neno ninaloliona la aibu kuliko yote niliyowahi kusema, na nimesema mengi. Nilimtazama yule mwanamke, nikamwambia, "Lakini si niliwaambia muwashe nje?"

Mzee Wandera alikuwa amekaa pale nyuma muda wote na nyundo yake. Aliiweka chini. "Nyamaza," akaniambia. Kisha akamgeukia Nabwire. "Mama, kibanda ni yangu. Mimi nilikuwa namsikia huyu akisema hiyo maneno kila siku, na nilinyamaza kwa sababu majiko ilikuwa inatoka. Hiyo makosa ni yetu wawili." Halafu akanigeukia tena. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, si kabla wala baada. "Wewe nilikupa jiko uuze. Usingizi ya watu nani alikupa uuze? Mtu amekuuliza kitu hujui, ungesema sijui. Sijui ingekushinda nini?"

Nilimuuliza Nabwire nimfanyie nini. Alifikiri kidogo.

"Sijui," akasema. "Si ni mimi nilimsogezea jiko?"

Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Nilikuwa hata tayari anipige. Sikuwa tayari kusikia kwamba mzigo wangu ulikuwa umeishia kwake, na kwamba alikuwa anaamka nao kila siku kule Rukala. Nilimsindikiza mpaka kwa vijana wa baiskeli, nikamwambia njia nzima, si wewe, ni mimi, wewe ulikuwa unamsaidia dada yako. Alipanda nyuma ya baiskeli akashika kiti, akaenda. Sijui kama aliniamini. Nilikwenda Rukala mwaka uliofuata kumtafuta nimwambie tena, nikaambiwa amehama, na hakuna aliyejua alikohamia.

Tangu siku hiyo kila anayenunua jiko kwangu anasikia neno moja: kabla ya kulala, litoe nje. Vijana wa Amukura huku wananiita Mzee Toa Nje, najua, nimewasikia. Kila mto ukifurika kule Budalang'i na watu wakalazwa kwenye hema, nakwenda kusema hivyo hivyo. Naingia naona jiko limefunikwa majivu katikati ya watoto, na mtu ananiambia, "Mzee, hiyo imeshaisha moshi." Nachoka, mwanangu. Si mwili tu unaochoka. Nalitoa jiko nje, nikigeuka wamelirudisha.

Basi sikia vizuri, na uwaambie wenzako wa kundi. Hema si nyumba. Hiyo yako imeshonwa mpaka chini na ina zipu, imeziba kuliko ile ya kina Taaka. Pikeni nje, oteni moto nje, na mkiingia kulala jiko libaki nje hata kama makaa yamekuwa majivu, kwa sababu ndani ya majivu bado yanapumua. Yule rafiki yako mwenye kagesi kadogo asikudanganye kwamba gesi ni kitu kingine. Kakiwaka ndani ya hema iliyofungwa ni mambo yaleyale, na kakipinduka, nailoni inashika moto kabla hujapata viatu. Stovu ya mafuta pia usiingize. Mvua isiwafanye mzibe kila mahali, acheni zipu wazi kidogo juu na chini. Na mtu akisema kichwa kinamuuma, wengine nao wakajisikia wazito, msikae kubishana kama ni malaria. Tokeni kwanza. Hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha, tokeni, mkampeleke hospitali mkiwa mnapumua.

Baridi ina dawa zake. Tandika makaratasi ya boksi au nyasi kavu chini kabla ya blanketi, maana baridi nyingi inatoka ardhini. Weka soksi na fulana kavu za kulalia tu, usizitembelee. Kunywa uji moto kabla ya kulala. Jaza maji ya moto kwenye chupa inayofunga vizuri, uivike sweta, uiweke miguuni. Laleni mgongo kwa mgongo. Bado utasikia baridi, sitakudanganya, nimeacha hiyo kazi.

Na mtu akikuuliza jambo usilolijua, sema sijui. Ni neno dogo. Mimi lilinishinda siku moja tu.

Haya, chukua jiko lako. Mungu akutangulie huko njiani, akukaushie nguo, akupe wenzako wanaosikia. Akupitishe mpakani ukienda na ukirudi. Nakuombea usiku wa mwisho wa safari uwe na baridi mpaka meno yagongane, mwanangu, kisha urudi hapa, ukae kwenye kiti hicho hicho, uninung'unikie juu ya hiyo baridi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nitakusikiliza yote.